Gunia humtaja mwenyewe: kuoanisha vitu vya programu na majedwali ya hifadhidata

Swali kutoka Vwawa: Shikamoo mwalimu. Ninatengeneza mfumo wa kupokea kahawa kwa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) moja ya huku Mbozi yenye wakulima 640, kwa lugha ya Python na Django, yaani mfumo wa kutengenezea programu za wavuti wenye maktaba yake ya kuoanisha vitu na majedwali. Nina klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya programu, ya Mkulima yenye orodha ya mashamba na orodha ya mapokezi, na nimeirithisha kwa klasi mbili, Mwanachama na AsiyeMwanachama. Shamba likiwa na wamiliki zaidi ya mmoja, majina yao nayaandika katika safu moja nikiyatenganisha kwa mkato. Kwenye kompyuta yangu ripoti ya msimu ilitoka papo hapo, lakini tangu tulipohamishia hifadhidata kwenye seva ya kukodi iliyoko nje ya nchi, ripoti hiyohiyo inachukua zaidi ya dakika tatu, na katibu amekwisha kurudi kwenye daftari lake. Je, niachane na maktaba ya kuoanisha vitu na majedwali, niandike mwenyewe SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata? Na je, mtu aanze na klasi au aanze na majedwali?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nimefurahi kusikia kwamba katibu bado analo daftari, kwa sababu jibu langu linaanzia humo. Kabla hujagusa msimbo tena, nenda ofisini siku ya kupokea kahawa, uketi karibu na mizani, uangalie karani anavyoandika. Mkulima anashusha gunia lake la kahawa ya maganda, linapimwa, na karani anaandika mstari mmoja: tarehe, namba ya stakabadhi, namba ya kadi, jina, kilo, daraja. Mkulima wa pili akija, mstari wake unaandikwa chini ya ule wa kwanza. Karani hafungui ukurasa wa kila mkulima ili amwongezee gunia lake. Mtu akileta kahawa mara nane katika msimu, mistari yake minane itatawanyika katika kurasa mbalimbali, na kinachoiunganisha ni namba ya kadi iliyorudiwa katika kila mstari. Yaani gunia ndilo linalomtaja mwenyewe. Mwenyewe hayataji magunia yake.

Klasi yako imegeuza mwelekeo huo. Ndani ya programu, Mkulima ameshika orodha ya mapokezi mkononi, na hilo si kosa, kwa kuwa programu inapenda kuuliza, "Huyu ameleta nini?" Tatizo ni kwamba kitu kimoja ndani ya programu hukijua kingine kwa anwani ya mahali kilipo katika kumbukumbu ya kompyuta, na anwani hiyo haina maana yoyote baada ya kompyuta kuzimwa. Jedwali halina anwani za namna hiyo. Lina thamani tu, na mstari mmoja huhusiana na mwingine kwa sababu thamani iliyoandikwa hapa inalingana na iliyoandikwa pale. Kwa hiyo swali la "orodha ya mapokezi naihifadhi wapi?", ambalo huwasumbua wengi wanaoanza, jibu lake ni kwamba orodha haihifadhiwi mahali popote. Unahifadhi mapokezi, kila moja likiwa na ufunguo geni, yaani safu inayobeba namba ya mstari wa jedwali jingine, unaomtaja mkulima wake, na orodha hukusanywa pale inapoulizwa.

Tofauti hii ina historia yake. Lugha ya Simula, ambamo vitu na klasi vilianzia, ilitengenezwa nchini Norway katika miaka ya 1960 na Ole-Johan Dahl pamoja na Kristen Nygaard, kwa ajili ya kuigiza ndani ya kompyuta mambo yanayotembea na kubadilika. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alitoa makala yake kuhusu majedwali mwaka 1970 akiwa na shida nyingine kabisa: hifadhidata za wakati ule zililazimisha kila programu ijue njia ya kupitia ili iifikie data, na njia ikibadilishwa programu inavunjika. Alitaka data isimame yenyewe, iweze kuulizwa kwa namna ambayo aliyeihifadhi hakuifikiria. Kitu cha programu kinajua njia. Jedwali limeundwa makusudi lisiwe na njia. Maktaba ya uoanishaji inakaa katikati ya wawili hawa kama mkalimani, na mkalimani, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kukuondolea wajibu wa kujua ni nini kinachosemwa upande wa pili.

Sasa twende kwenye dakika zako tatu, kwa maana zinaweza kuhesabika. Ripoti yako, nadhani, inaomba wakulima wote, kisha inazunguka ndani ya kitanzi, yaani msimbo unaorudiwa: kwa kila mkulima inasoma mashamba yake, kisha inasoma mapokezi yake na kuyajumlisha. Maktaba ni mvivu kwa makusudi. Ulipoomba wakulima ilikuletea wakulima peke yao, kwa kuwa haikujua kama utahitaji kingine. Ulipogusa mashamba ya mkulima wa kwanza, ndipo ilipokwenda kuuliza. Ulipogusa mapokezi yake, ikaenda tena. Ulizo moja la wakulima, ongeza 640 ya mashamba, ongeza 640 ya mapokezi: jumla maulizo 1,281. Kwenye kompyuta yako, ambapo hifadhidata ilikuwa hapohapo, tuseme kila ulizo lilichukua nusu ya milisekunde, na yote yakaisha kwa sekunde 0.64. Umeihamishia nje ya nchi, na tuchukulie kwamba kwenda na kurudi kutoka Vwawa kunachukua milisekunde 150. Zidisha: sekunde 192, yaani dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Seva haikuwa ikifanya kazi ngumu hata kidogo. Muda karibu wote umepotea njiani, kama mtu anayekwenda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kununua kilo moja ya chumvi, anarudi Vwawa, kisha anageuza tena kufuata kiberiti.

Ndiyo sababu kununua seva kubwa zaidi hakutakusaidia, na nakuomba usimshauri katibu atoe fedha za chama kwa ajili hiyo. Punguza safari. Katika Django unaweza kuiambia maktaba mapema kwamba mashamba na mapokezi yatahitajika, kwa kutumia prefetch_related. Itaomba wakulima kwa ulizo moja, mashamba yote ya wakulima hao kwa ulizo la pili, mapokezi yao yote kwa ulizo la tatu, kisha itayapanga yenyewe ndani ya kumbukumbu kwa kulinganisha funguo. Safari tatu kwa milisekunde 150 kila moja ni chini ya nusu sekunde, ukiongeza kidogo cha kubeba mzigo wenyewe. Ila ujihadhari na jambo moja: ukishaagiza mapema hivyo, halafu ndani ya kitanzi ukaandika kichujio kipya, kwa mfano kutaka mapokezi ya msimu huu tu, maktaba itayaacha yale iliyoyaleta na kwenda kuuliza upya kwa kila mkulima, nawe utabaki ukishangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Kichujio kiwekwe kwenye agizo la mwanzo, kwa kutumia Prefetch yenye ulizo lake.

Huenda ukajiuliza kwa nini maulizo matatu, na si moja linalounganisha majedwali yote kwa mpigo. Hapa ndipo nimewaona watu wenye uzoefu wakiteleza, kwa hiyo tuangalie kwa karibu. Chukua mkulima mmoja mwenye mashamba mawili, aliyeleta kahawa mara tatu: kilo 120, kilo 85 na kilo 95. Jumla yake ni kilo 300. Ukiunganisha jedwali la mkulima na la mashamba, unapata mistari miwili, mmoja kwa kila shamba. Ukiunganisha na mapokezi pia, kila shamba linakutanishwa na kila pokezi, kwa sababu hakuna ulipoiambia hifadhidata kwamba pokezi fulani limetoka shamba fulani, na unapata mistari sita. Jumlisha kilo katika mistari hiyo sita: 600. Mkulima mwenye shamba moja atakuwa sahihi, mwenye mawili ataongezwa maradufu, mwenye matatu mara tatu. Kosa hili ni baya kuliko ucheleweshaji, kwa sababu ripoti inatoka haraka, imenyooka, na namba zake zinaonekana za kawaida. Litagundulika tu siku kahawa ya ghalani itakapopimwa na kukutwa haifikii kilichoandikwa, na wa kwanza kushukiwa atakuwa karani.

Kwa ripoti ya jumla, kwa kweli, huhitaji vitu vya programu kabisa. Katibu hataki wakulima 640 waamke ndani ya kumbukumbu wakiwa na tabia zao zote. Anataka karatasi yenye jina na kilo. Iachie hifadhidata yenyewe ifanye hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyozaliwa nayo:

SELECT m.namba_kadi, m.jina, COALESCE(SUM(p.kilo), 0)
FROM mkulima m
LEFT JOIN mapokezi p ON p.mkulima_id = m.id AND p.msimu_id = 7
GROUP BY m.id, m.namba_kadi, m.jina
ORDER BY m.jina;

Angalia mahali sharti la msimu (p.msimu_id = 7) lilipokaa. Liko pamoja na sharti la kuunganisha, halikuwekwa mwishoni kwenye WHERE. Ungeliweka kule mwishoni, wakulima ambao hawajaleta chochote msimu huu wangetoweka kwenye ripoti, na katibu anawahitaji hao kuliko wengine wote, kwa kuwa ndio anaotaka kuwafuata na kuwauliza kahawa yao imekwenda wapi. Django inaweza kukuandikia ulizo la namna hii kwa annotate, na sina ugomvi na njia hiyo, mradi usome SQL iliyotoka na kujiridhisha kwamba ndiyo uliyoikusudia.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, usiachane na maktaba. Hibernate ya Java ilianza mwaka 2001, Django ikatoka 2005, SQLAlchemy ikafuata 2006. Zote zimekwisha kutatua matatizo madogomadogo mengi ambayo ukijiandikia mwenyewe utayagundua moja baada ya jingine, kuanzia kuzuia mtu kuchomeka SQL yake ndani ya fomu yako hadi kubadilisha tarehe kutoka namna moja kwenda nyingine. Tumia maktaba pale unapofungua rekodi ya mkulima mmoja, unapohariri, unapohifadhi pokezi jipya. Tumia SQL, au sehemu za maktaba zinazokaribiana nayo, pale unapojumlisha, unapolinganisha misimu, unapotoa orodha ndefu. Wapo watakaokuambia kwamba kuchanganya njia mbili ni uchafu. Mimi nimeona uchafu mkubwa zaidi kwa wale waliong'ang'ania njia moja.

Swali lako la pili, uanze na klasi au na majedwali, nalijibu bila kusita: anza na mambo ya kweli ambayo chama kitayahitaji hata baada ya programu yako kutupwa. Programu huandikwa upya kila baada ya miaka michache, lakini mapokezi ya msimu huu yatatakiwa na mkaguzi wa hesabu pamoja na mkulima anayedai malipo ya pili, bila kujali ulitumia lugha gani. Andika kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi fupi zinazosema kilichopo: mkulima ana kadi; shamba lina mmiliki mmoja au zaidi; pokezi limetoka kwa mkulima mmoja, katika msimu mmoja, kwa bei fulani. Kila sentensi ya namna hii itakuonyesha jedwali au ufunguo. Ukianza na klasi, utajikuta unahifadhi umbo la programu yako badala ya kuhifadhi mambo yenyewe.

Urithi wako ni mfano mzuri wa hilo. Mwanachama na AsiyeMwanachama ni klasi mbili, na Django kwa kawaida itakutengenezea majedwali matatu: la Mkulima lenye mambo ya pamoja, na mawili ya watoto wake yaliyounganishwa nalo kwa ufunguo. Kiufundi inafanya kazi. Lakini jiulize: mkulima akilipa kiingilio na hisa zake katikati ya msimu, inakuwaje? Ndani ya programu, kitu kilichozaliwa AsiyeMwanachama hakiwezi kuamka kesho kikiwa Mwanachama. Itakubidi uunde kipya, uhamishe kila kitu, ufute cha zamani. Na mapokezi aliyoleta kabla hajajiunga yahesabiwe kwa utaratibu upi? Uanachama si aina ya mtu, ni hali aliyomo kwa kipindi fulani. Weka jedwali la uanachama lenye mkulima, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha ambayo inaweza kuwa tupu, na ufute zile klasi mbili. Ukitaka kujua kama fulani alikuwa mwanachama siku alipoleta gunia fulani, linganisha tarehe.

Urithi wa kweli upo, sikatai. Malipo yako huenda ni ya taslimu, ya benki au ya simu, na malipo yaliyofanyika kwa simu hayatageuka kamwe kuwa ya taslimu. Hapo unaweza kuweka aina zote katika jedwali moja lenye safu ya aina, na safu za namba ya akaunti na namba ya simu zikaachwa tupu pale zisipohusika. Au ukagawa majedwali kama Django inavyofanya. Au ukaipa kila aina jedwali lake linalojitegemea. Kwa chama cha ukubwa wako ninashauri jedwali moja, pamoja na sharti ndani ya hifadhidata yenyewe linalokataa malipo ya simu yasiyo na namba ya simu. Usiliache sharti hilo kwenye klasi peke yake, kwa sababu ipo siku mtu ataingiza data kwa kupitia mlango mwingine.

Kuhusu majina ya wamiliki yaliyotenganishwa kwa mkato: yatoe leo. Hifadhidata haijui kwamba ndani ya safu hiyo kuna watu watatu. Kwake ni maneno tu. Hutaweza kuuliza mashamba ya mtu fulani bila kutafuta jina ndani ya maandishi, na ukitafuta jina fupi utaletewa na majina yote marefu yanayolibeba ndani yake. Tengeneza jedwali la umiliki, lenye ufunguo wa shamba na ufunguo wa mkulima. Najua maktaba inaweza kulificha jedwali hilo la katikati na kukuonyesha orodha mbili tu zinazotazamana, lakini katika suala la mashamba usikubali lifichwe, kwa sababu uhusiano wenyewe una mambo yake. Shamba lililoachwa na marehemu baba kwa ndugu watatu lina sehemu ya kila mmoja, lina tarehe ya mgawanyo, na pengine lina mjomba anayelisimamia. Sehemu hiyo si sifa ya shamba, wala si sifa ya mtu. Ni sifa ya umiliki, na umiliki unastahili klasi yake.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni kufuta. Miaka ya nyuma niliwatengenezea wafugaji fulani wa upande wa Tukuyu mfumo wa kupokea maziwa, na nikaweka CASCADE, agizo la kufuta pia kila mstari unaomtaja anayefutwa, kwenye kila ufunguo kwa sababu mifano niliyoisoma ilifanya hivyo. Mfugaji mmoja alihama, karani akamfuta kwenye orodha kama nilivyomfundisha mwenyewe, na mfumo ukafuta pamoja naye kila lita aliyowahi kuleta. Hakuna aliyegundua hadi mwisho wa mwaka, jumla yetu ilipokuwa ndogo kuliko stakabadhi za mnunuzi. Tulirudisha kutoka kwenye nakala za akiba, usiku, huku nikimwomba radhi karani ambaye hakuwa na kosa lolote. Ndani ya programu, kitu kinapofutwa pamoja na orodha yake huonekana ni usafi. Katika daftari ni kuchana kurasa. Tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017 Django inakulazimisha kutaja kwenye kila ufunguo geni nini kitokee mhusika akifutwa. Kwa mapokezi na malipo, taja PROTECT, inayokataa kufuta mtu ambaye bado anatajwa, na mkulima aliyeondoka mwekee tarehe ya kuondoka.

Namba ya kadi usiifanye ufunguo mkuu, yaani namba ambayo majedwali mengine huitumia kumtaja mkulima. Kadi hupotea na kutolewa upya, na siku chama kitakapobadilisha mpangilio wa namba utalazimika kugusa kila jedwali linalomtaja mkulima. Mpe kila mkulima namba ya ndani isiyo na maana yoyote, ambayo hata yeye haijui, na namba ya kadi iwe safu ya kawaida isiyoruhusiwa kujirudia. Mahali anapoishi nako usikuandike kama sentensi. Wewe ni mtu wa Mbozi, unakumbuka kwamba wilaya hiyo ilikuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016. Aliyekuwa ameandika "Mbozi, Mbeya" katika kila mstari wa mkulima alilazimika kubadilisha mistari yote, na kila aliyekuwa ameandika tofauti kidogo alibaki nyuma. Aliyekuwa na jedwali la wilaya lenye ufunguo wa mkoa alibadilisha mstari mmoja.

Bei ni kinyume chake, na hapa vijana wengi wanaopenda kutorudia data hukosea kwa upande wa pili. Ukiiweka bei katika jedwali la msimu tu, kisha malipo ya awali yakapandishwa katikati ya msimu, mapokezi yote ya nyuma yatahesabiwa kwa bei mpya, na stakabadhi walizo nazo wakulima mikononi hazitalingana tena na mfumo. Bei ya sasa ya msimu na bei iliyotumika kwenye gunia hili ni mambo mawili tofauti, ingawa siku ile yalikuwa na thamani moja. Nakili bei kwenye mstari wa pokezi wakati wa kuandika. Fedha na kilo zihifadhi kwa aina ya desimali, usitumie namba za kuelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio. Python yenyewe ukiiuliza 0.1 kuongeza 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, na katika vyama vya ushirika hata senti zisizokuwepo huleta mikutano mirefu.

Jambo la mwisho la kiufundi linahusu makarani wawili. Katika SQLAlchemy, ukimwomba mkulima namba 15 mara mbili ndani ya kikao kimoja unapewa kitu kilekile. Katika Django unapewa vitu viwili visivyojuana. Na hata maktaba iwe ipi, kompyuta mbili zitakuwa na nakala mbili. Karani wa mizani ya kwanza anafungua rekodi ya mkulima kubadilisha namba ya simu. Wa mizani ya pili ameifungua dakika hiyohiyo kubadilisha akaunti ya benki. Wa kwanza anahifadhi, kisha wa pili anahifadhi. Kwa kuwa save ya Django kwa kawaida huandika safu zote, nakala ya wa pili, yenye namba ya zamani ya simu, inafuta kazi ya wa kwanza kimyakimya, na fedha za malipo zinakwenda kwenye simu isiyotumika. Taja safu ulizobadilisha kwa update_fields, au uweke safu ya toleo inayoongezeka kila rekodi inapohifadhiwa, na mfumo ukatae kuhifadhi nakala iliyopitwa. Deni la pembejeo la mkulima usilihifadhi kabisa kama namba moja ya kusoma, kupunguza na kurudisha. Andika kila mkopo na kila kato kama mstari wake, na deni liwe jumla ya mistari hiyo, kama ilivyo kwenye daftari la katibu.

Anza na ripoti, kwa kuwa ndiyo inayomkera katibu. Washa rekodi inayoandika kila ulizo linalotumwa kwenye hifadhidata ili uyaone yakipita moja moja. Safari 1,281 zikipita mbele ya macho yako zitakufundisha kuliko maelezo yangu. Kisha andika jaribio kwa assertNumQueries, chombo cha Django kinachohesabu maulizo, litakalotengeneza wakulima kumi wa kubuni, baadhi yao wakiwa na mashamba mawili, na kudai kwamba ripoti itoke kwa maulizo matatu kamili (au moja, ukitumia SQL ya hapo juu) na kwamba mwenye kilo 300 aonyeshwe kilo 300. Likipita, badilisha kumi iwe 640 bila kugusa idadi ya maulizo. Likipita tena, ndipo umwalike katibu aje na daftari lake, mlinganishe mstari kwa mstari msimu mmoja uliokwisha kufungwa.